Noti za Muda za Tabora na Neno Hela katika Nchi ya Dhahabu

Miji midogo ya Tanzania haikupata kuwa na benki zilizotoa noti zake zenyewe, kama ilivyokuwa Marekani katika karne ya 19. Anayekusanya noti za aina hiyo huku kwetu hana budi kuzigeukia noti za muda za Deutsch-Ostafrikanische Bank za miaka ya 1915 hadi 1917, ambazo nyingi zimeandikwa jina la Tabora pamoja na la Dar es Salaam.

Noti hizo zilizaliwa na dhiki. Waingereza waliuzingira mwambao kuanzia tarehe 1 Machi 1915, na fedha kutoka Berlin zikakoma kufika. Noti ya kwanza, ya rupia 20, ina tarehe 15 Machi mwaka huohuo. Karatasi ilitumiwa yoyote iliyopatikana, na kufikia mwaka 1917, jeshi likiwa porini, noti zilipigwa kwa herufi za mihuri ya mpira.

Ahadi ya benki kumlipa mwenye noti iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo wengi wa waliopewa karatasi hizo hawakuisoma. Tuitazame njia ya Shinyanga. Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916, wakateremka kupitia Shinyanga kuelekea Tabora, lakini Wabelgiji wakawatangulia kuingia mjini humo tarehe 19 Septemba. Kwa muda wa miezi miwili tu, serikali iliyosimama nyuma ya noti ilikuwa imetoweka katika njia hiyo yote. Aliyetoa nafaka au ng'ombe akalipwa karatasi, angeipeleka kwa nani?

Serikali yenyewe ilijua kwamba wenyeji waliamini madini kuliko karatasi. Ndiyo sababu karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu mwaka 1916. Humo zilitengenezwa hela za shaba na sarafu 16,198 za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Dhahabu hiyo haikutoka Geita, ambako uchimbaji mkubwa ulianza miaka ya 1930. Ilitoka Sekenke, kusini-mashariki ya Shinyanga, kando ya mbuga ya Wembere.

Hapa mwanaisimu ana neno la kusema. Hela iliingia nchini mwaka 1904, rupia ilipogawanywa katika hela 100 badala ya pesa 64. Sarafu yenyewe iliondoka pamoja na Wajerumani, na shilingi ikaja baada ya florini, lakini jina la sarafu ndogo kuliko zote limepanda cheo likawa jina la fedha yote. Mchimbaji mdogo anayeuza dhahabu yake katika soko la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, hulipwa hela. Noti za muda hazikutuachia neno lolote. Hata hili la “noti” tumelitoa kwa Waingereza.

Wakusanyaji hupanga bei kwa herufi za mfululizo, sahihi na aina ya karatasi. Noti za rupia 1 zimebaki nyingi, za rupia 200 ni adimu. Orodha zao ni makini mno, na mwanahistoria anazihitaji. Lakini mara chache huandika noti ilipatikana kijiji gani, wala ilikuwa malipo ya kitu gani. Na kwa maoni yangu, noti chakavu ya rupia 1 iliyohifadhiwa sandukuni Usukumani, ikiwa na maelezo hayo mawili, ingetufaa kuliko ya rupia 200 isiyo na kunyanzi.