Vielezi vya Kiingereza: jinsi ya kuviunda na kuvitumia

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Wakongo na Warundi wengi waliosoma kwa Kifaransa huelewana kwa Kiswahili. Lakini fomu za ofisi, mahojiano ya hifadhi na maelezo ya daktari mjini Mbarara huandikwa kwa Kiingereza. Huko, kielezi kimoja kikikosewa, maana ya maelezo hugeuka.

Kielezi ni neno linaloeleza kitendo kimefanyika vipi, lini, wapi au mara ngapi.

Kuunda

Kiswahili huweka kiambishi mwanzoni: "-zuri" huwa "vizuri". Kiingereza huongeza "-ly" mwishoni mwa kivumishi: "slow" huwa "slowly", yaani polepole. Kivumishi kinachoishia kwa "y" baada ya konsonanti huibadili herufi hiyo kuwa "i": "easy" huwa "easily". Kinachoishia kwa "-le" hudondosha "e" na kupokea "y": "gentle" huwa "gently". "Good" hugeuka kabisa na kuwa "well".

Maneno ya kuhadhari

"Fast" na "hard" hayabadiliki. "I worked hard" ni "nilifanya kazi kwa bidii", lakini "I hardly worked" ni "sikufanya kazi ila kidogo mno". Vivyo hivyo, "late" ni kwa kuchelewa, ilhali "lately" ni siku za karibuni.

Waliosoma Kifaransa wana mtego wao. "Actuellement" ni hivi sasa, lakini "actually" ya Kiingereza ni "kwa kweli". Anayeishi Nakivale kwa sasa aseme: "I currently live in Nakivale".

Katika Kiswahili, "kamwe" huambatana na kitenzi kikanushi: "sijarudi kamwe". Katika Kiingereza, "never" hukanusha peke yake: "I have never returned". Ukiongeza "not" juu yake, msikilizaji aweza kuelewa kwamba uliwahi kurudi ulikokimbia, na jibu hilo lina uzito mkubwa katika mahojiano ya hifadhi.

Mahali pa kielezi

Kifaransa huruhusu kielezi kukaa kati ya kitenzi na shamirisho. Kiingereza hukipeleka mwisho: "She speaks English well", si "She speaks well English".

Vielezi vya kurudiarudia, kama "always" na "sometimes", hutangulia kitenzi kikuu: "I always take this medicine". Lakini pamoja na kitenzi "be" hukifuata: "I am always tired".

Mwenye shaka aombe mkalimani mapema, au aseme kwa sentensi fupi na kutaja idadi. "Twice a day", yaani mara mbili kwa siku, humwambia daktari mengi kuliko "regularly".