Tu na vous: Hotuba ya Lumumba ya mwaka 1960

Mwanafunzi wa Kifaransa anayeandaa hotuba ya kushawishi kwa ajili ya mtihani hukabiliwa na uamuzi tangu sentensi ya kwanza: atumie tu au vous? Tu ni neno la rafiki, mtoto au mtu wa nyumbani. Vous huwahusu watu wengi, na pia mtu mmoja anayestahiki heshima. Katika Kiswahili sanifu, "wewe" humtosha mkubwa na mdogo. Heshima tunaibeba kwa shikamoo, mzee, mama au mheshimiwa. Kwa jirani zetu wa Kongo, tofauti ya vijineno hivyo viwili iliwahi kuingia katika hotuba iliyomghadhabisha mfalme.

Tarehe 30 Juni 1960, mjini Léopoldville (leo Kinshasa), Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alihutubia sherehe ya uhuru na kuisifu kazi ya Leopold wa Pili, yule yule ambaye chini ya utawala wake Wakongo walilazimishwa kugema mpira na wengi wakaangamia. Rais Kasavubu alifuata kwa maneno ya upole. Kisha akasimama Waziri Mkuu, Patrice Lumumba, ambaye hotuba yake haikuwamo katika ratiba.

Lumumba alizaliwa mwaka 1925 Onalua, Kasai, akawa karani wa posta Stanleyville, yaani Kisangani. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake. Kifaransa alikipata kwa masomo na kwa kujisomea sana, na kwake lugha hiyo ilikuwa mtihani wa maisha. Serikali ya kikoloni ilitoa hati maalumu kwa Waafrika wachache waliochunguzwa hadi nyumbani mwao, wakaonekana "wamestaarabika". Yeye aliipata mwaka 1954.

Siku ile alikitumia Kifaransa hicho hicho kutoa ushahidi. Alisema mtu mweusi aliitwa tu, wala si kwa urafiki, bali kwa sababu vous ya heshima iliwekewa Wazungu peke yao. Akataja ujira usiotosha chakula, matusi na vipigo vya asubuhi, mchana na jioni, na sheria isiyokuwa sawa kwa mweupe na mweusi. Akakumbusha hata safari za mtoni: Mzungu katika chumba cha anasa, Mwafrika chini kwenye tishari. Hakuna dhana tupu hapo. Kila shutuma ina kitu kinachoonekana kwa macho.

Angalieni pia takriri yake. Alianza sentensi nyingi kwa nous, yaani "sisi". Kifaransa hulazimika kulitamka neno hilo kila mara, nalo hugonga kama nyundo. Sisi tukitafsiri, "sisi" hujificha ndani ya kiambishi tu-, na mgongo huo hupotea tusipoongeza neno kwa makusudi. Na aliowaambia vous, akiwaomba waihifadhi tarehe ile mioyoni na kuwasimulia watoto wao, walikuwa wapigania uhuru wenzake. Kisarufi ni wingi tu. Kwa watu waliozoea kuitwa tu, nadhani ilisikika zaidi ya hivyo.

Je, alishawishi? Wakongo waliokuwa ukumbini walimshangilia mara kadhaa. Baudouin alikasirika, ratiba ikachelewa, na mchana wa siku hiyo, wakati wa chakula, Lumumba alilazimika kutoa maneno mengine ya kutuliza, yenye shukrani kwa Ubelgiji. Mtahini mkali angempunguzia alama hotuba ya kwanza kwa kutojali mgeni wa heshima. Mimi ningeuliza kwanza hadhira yake ilikuwa nani. Mfalme alikaa mbele, lakini hotuba iliwalenga waliosimama nje na waliotega sikio redioni.

Tarehe 5 Septemba Kasavubu alitangaza kumwondoa madarakani. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, akiwa na umri wa miaka 35.