Embe Pevu Si Embe Bivu

Kiswahili chetu kina maneno mawili mahali ambapo wanunuzi wengi wa mjini siku hizi wanaona jambo moja tu. Embe pevu ni lile lililokomaa mtini: limejaa mabegani, kokwa yake imekauka, lakini nyama bado ni ngumu na ganda huenda bado ni la kijani. Embe bivu ni lile lililokwisha lainika na kunukia. Baina ya upevu na ubivu kuna siku kadhaa, na wiki hii nataka kueleza habari za siku hizo, maana katika masoko yetu ya Arusha wapo wanaotaka kuzifuta.

Wazee wa miteremko ya Mlima Meru walizijua siku hizo kwa njia ya ndizi. Mkungu uliokatwa ungali mbichi ulipandishwa uchagani, juu ya mafiga, ukapata joto na moshi. Au ulifukiwa katika shimo lililotandikwa majani makavu ya mgomba, moshi ukaingizwa, kisha shimo likafunikwa. Watu wa Pwani nao walifukia maembe. Kazi hiyo huitwa kuvumbika, wengine husema kuvundika, na aghalabu ilikuwa mikononi mwa kina mama. Kipimajoto hakikuwapo. Mkono na pua vilitosha.

Baadaye yakaja matunda ya kigeni. Mwaka 1896 Wajerumani walifungua shamba la majaribio huko Kwai, karibu na Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, ili kujaribu mazao na mifugo ya Ulaya katika baridi ya Usambara. Plamu na fyulisi ni matunda ya nchi ya baridi ya namna hiyo. Yana kokwa kama embe, na tabia yake ni ya embe: yakichumwa yakiwa mapevu huendelea kuiva nyumbani. Chungwa haliwezi, wala nanasi, wala zabibu. Hayo utamu wake hauongezeki tena baada ya kuchumwa.

Wataalamu walichelewa sana kujua kinachotendeka shimoni. Kule California, Marekani, wakulima wa malimau walikuwa wakiyaweka malimau ya kijani katika vibanda vyenye majiko ya mafuta ya taa, nayo yakageuka manjano. Wote waliamini kuwa ni joto. Walipoleta mitambo safi ya kupasha joto, malimau yakabaki kijani! Mwaka 1924 mtaalamu aitwaye Denny alionyesha kuwa kazi ilifanywa na gesi ya ethilini iliyokuwamo katika moshi wa majiko yale. Miaka kumi baadaye, 1934, Mwingereza Richard Gane akathibitisha kuwa tunda lenyewe, linapoiva, hutoa gesi hiyo hiyo. Kumbe uchaga wa bibi zetu ulikuwa na kemia yake, na kulifunika shimo kulikuwa na maana: gesi isitoroke.

Sasa tuje kwenye kabaidi, yale mawe ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Yakipata unyevu hutoa gesi ya asetilini, ambayo ni kama binamu dhaifu wa ethilini. Mfanyabiashara mwenye haraka huyafunga katika karatasi, akayaweka katikati ya maembe, na baada ya muda mfupi ganda linang'aa manjano. Lakini rangi ndiyo iliyokimbia; utamu na harufu mara nyingi havikufuata, hasa tunda lilipochumwa changa. Zaidi ya hapo, kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo ni sumu. India iliipiga marufuku kwa matunda katika kanuni zake za chakula za mwaka 2011. Mimi namlaumu mchuuzi, lakini si peke yake. Sisi wanunuzi tunadai embe la kuliwa leo, tena Novemba kabla msimu haujachanganya, na tunalipia rangi.

Mwenye subira anunue tunda pevu. Alinuse penye kikonyo, aangalie kama mabega yamejaa. Likiwa changa litanyauka tu, hata ulifukie mwezi mzima. Plamu, fyulisi au embe liwekwe katika mfuko wa kaki, au lifungwe katika karatasi, pamoja na ndizi moja mbivu ili iazime gesi yake. Mfuko wa plastiki haufai, kwani hukusanya jasho na tunda huoza. Wala usikimbilie friji: fyulisi bichi likikaa katika baridi hiyo nyama yake hugeuka ungaunga, na embe hudhurika likikaa chini ya nyuzi joto 12 hivi. Likague kila asubuhi kwa kubonyeza taratibu karibu na kikonyo. Likikubali kidole, hapo sasa friji inaruhusiwa, kwa siku mbili tatu.