Gongo la Issenye: Nani Aliuleta Mtambo?

Martini ya moshi imeingia katika orodha za vinywaji za hoteli za kitalii kama ubunifu mpya: jini, ile pombe kali inayonukia mreteni, hutiwa wiski kidogo ya kisiwa cha Islay mahali pa vermouth, ule mvinyo wenye viungo. Shayiri ya wiski hiyo hukaushwa kwa moshi wa mboji. Wapo wenyeji wa Mara wanaojibu kwamba kwetu hilo ni la kale, kwa kuwa gongo, pombe kali ya kienyeji yenye ladha ya moshi, ni pombe ya mababu. Naiheshimu fahari yao, ila dai lenyewe halisimami.

Mababu wa Issenye, huko huko Mara, kama majirani zao Wanata na Waikoma, walilima ulezi na mtama. Pombe yao ilichachushwa, haikukenekwa. Mtambo wa kukeneka ulitoka kwingine, na hapo ndipo ulipo ubishi.

Wengine huwataja wafanyabiashara wa pwani. Sioni uzito wa hoja hiyo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana biashara ya pombe kali katika ukanda huu, na hata chupa zilizopenya hazikumfundisha mtu kuunganisha pipa na bomba.

Njia ya askari inaeleweka zaidi. Mwaka 1889 afisa wa Kijerumani Wissmann aliandikisha Wasudani huko Cairo kwa jeshi la Wajerumani. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwapeleka Uganda askari wa Kisudani waliobaki wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta huko Sudan. Kutoka makambi yao hadi Kibera, Nairobi, wanawake wa Kinubi, yaani wa jamii za askari hao, walijulikana kwa kukeneka pombe kali. Wajerumani nao walijenga boma Ikoma, jirani kabisa na Issenye. Naamini ufundi ulipita kwenye makambi ya namna hiyo, mwanamke akimfundisha mwenzake. Ladha ya moshi ilifuata jiko: machicha yakishika chini ya pipa juu ya kuni, harufu ya kuungua hupanda pamoja na mvuke.

Chanzo tunachokipuuza ni Sheria ya Moshi (jina jingine la gongo), Namba 62 ya 1966. Serikali ya Tanzania, iliyokuwa changa, ilikitambua kinywaji hiki kwa jina lake la mtaani, ikaweka utaratibu wa leseni, na ikatangaza kuwa kumiliki moshi au mtambo bila kibali ni kosa. Uganda, kwa sheria yake ya 1965 ya enguli, yaani gongo la huko, ilielekeza pombe ya vijijini kiwandani, ikazaliwa Uganda Waragi. Kwetu sheria ilikumbukwa zaidi mahakamani, na mama mpika gongo akaingia katika historia kama mshtakiwa.

Hatari ipo: mwaka 2000 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 Nairobi. Lakini hatari hiyo inadai vipimo na leseni inayofika kijijini. Na wanahistoria wa Mara, waliokwishaandika mengi kutoka vinywani mwa wazee wa kiume, sasa wawahoji wapishi wenyewe.