Unga wa Vioo Ulioigombanisha Posta na Kadi za Krismasi

Tangu tarehe 17 Oktoba 2023, glita ya plastiki ya kunyunyiza hairuhusiwi kuingizwa sokoni katika nchi 27 za Umoja wa Ulaya. Iliyokuwa imekwisha kufika madukani iliachwa iuzwe hadi iishe, lakini shehena mpya zikazuiwa. Ilikuwa imebaki miezi miwili tu kabla ya Krismasi, majira ambayo watu wanaotengeneza kadi kwa mikono huwa wameshakata karatasi, wamechora misonobari na kujaza meza vikopo vya unga wa kumetameta. Huko Ujerumani ziliandikwa habari za watu kukimbilia madukani kuweka akiba. Wengine walilalamika kwamba watawala wa Brussels wameingilia hata sikukuu yao.

Malalamiko hayo yamesahau historia. Plastiki ni mgeni katika kazi hii. Kabla haijazaliwa, theluji ya kwenye kadi iling'aa kwa vioo vilivyosagwa, na vioo hivyo navyo viliwahi kukutana na mkono wa serikali, si kwa sababu ya samaki wala bahari kama plastiki ya leo, bali kwa sababu ya vidole vya makarani wa posta.

Kuzaliwa kwa kadi yenyewe kunajulikana. Mwaka 1843, miaka mitatu baada ya Uingereza kushusha gharama ya kutuma barua hadi peni moja, Henry Cole, mtumishi wa serikali jijini London, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi ya salamu. Nakala za ziada ziliuzwa shilingi moja moja. Picha ilionyesha familia mezani ikiinua glasi za mvinyo, na mtoto mdogo akinyweshwa, jambo lililowaudhi sana wapiga vita pombe wa wakati ule. Theluji haikuwamo.

Iliingia baadaye. Desemba ya mwaka huohuo wa 1843 Charles Dickens alitoa hadithi yake maarufu ya Krismasi, na picha ya sikukuu yenye baridi kali ikakaa vichwani mwa wasomaji. Dickens alikuwa mtoto katika muongo wa 1810, uliokuwa wa baridi isiyo ya kawaida nchini Uingereza, na Krismasi ya utoto wake ikawa Krismasi ya watu wote. Kufikia miaka ya 1870 kadi zilikuwa zimejaa makanisa yaliyofunikwa theluji, pamoja na ndege mwenye kifua chekundu ambaye Waingereza walimhusisha na watu wa posta, kwa kuwa nao walivaa makoti mekundu.

Anayetaka kuziona kadi hizo leo aende Manchester. Chuo Kikuu cha Manchester Metropolitan kinahifadhi mkusanyiko wa Laura Seddon, wenye kadi zipatazo 32,000 za enzi za Victoria na Edward. Na anayetaka kuzisoma hana budi kurudi kwenye kitabu cha George Buday cha mwaka 1954 kuhusu historia ya kadi ya Krismasi. Buday alikuwa mchonga picha wa Kihungari aliyehamia Uingereza, na kwa sababu mwenyewe alikuwa fundi, aliiangalia kadi kama kazi ya mikono: karatasi, wino, gundi, mapambo. Mtazamo huo una haki, maana watu waliozipaka kadi hizo theluji hawakuandika majina yao popote.

Kazi yao ilikwenda hivi. Kadi ilikuwa imekwisha kuchapwa kwa rangi. Fundi, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke au msichana, alichukua brashi nyembamba na kupitisha gundi mahali palipotakiwa theluji tu: juu ya paa, kwenye ukingo wa tawi, kwenye mgongo wa kondoo. Gundi ikiwa bado mbichi, alinyunyiza unga wa kioo, akaiinamisha kadi na kuigonga kwa kidole mgongoni ili unga usioshika udondokee kwenye trei na kutumika tena. Gundi ikizidi, theluji ilivimba na kupasuka ilipokauka. Ikipungua, paa lilibaki na mabaka.

Siri ilikuwa kwenye unga wenyewe. Mchanga safi wa pwani ukibandikwa kwenye karatasi haumetameti, kwa sababu chembe zake zimesuguliwa na maji hadi zikawa duara, na mwanga ukizipiga hutawanyika kila upande. Theluji halisi hung'aa kwa sababu fuwele zake zina nyuso bapa. Kila uso hurudisha mwanga upande mmoja, na anayetazama akisogea kidogo tu, mng'ao huhamia chembe nyingine. Ili kuiga hilo, mafundi wa vioo walipuliza kioo hadi kikawa chembamba mno, kisha wakakiponda. Vipande vilivyopatikana vilikuwa bapa, vyepesi, vyenye ukubwa tofautitofauti. Katika maeneo ya vioo ya Ujerumani, kama mji wa Lauscha huko Thuringia ulio maarufu kwa mapambo ya mti wa Krismasi, kioo kilipakwa fedha kwanza ndipo kikapondwa, na mng'ao wake ulikuwa mkali zaidi. Wengine walitumia ulanga, madini yanayobanduka kwa matabaka kama kurasa za msahafu.

Wakati kadi ilipokuwa inasafiri ndani ya bahasha, hakuna aliyeumia isipokuwa waliotengeneza. Mambo yalibadilika ilipokuja kadi ya posta, ile isiyo na bahasha. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani iliingiwa na wazimu wa kadi hizi. Kuanzia tarehe 1 Machi 1907 watumaji waliruhusiwa kuandika ujumbe upande mmoja na anwani, na picha ikaachiwa upande mzima wa pili. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Juni 1908, posta ya Marekani ilisafirisha kadi zaidi ya milioni 677. Nyingi na nzuri zaidi zilichapwa Ujerumani, na Wajerumani walipenda kuzinyunyiza vioo na ulanga. Wauza kadi nao waliongeza yao: mteja akitaka, muuzaji aliandika jina la mji au la mpenzi wake kwa gundi juu ya picha, akamwaga unga wa kumetameta palepale, na kadi ikaondoka dukani bado ina harufu ya gundi.

Sasa mfikirie karani wa posta katika wiki ya mwisho kabla ya Krismasi. Hakuwa na glavu. Alipanga kadi kwa vidole, maelfu kwa maelfu, usiku kucha. Unga wa kioo uliochomoka kwenye kadi moja ulibaki kwenye mfuko na kushika barua mia nyingine. Uliingia kwenye ngozi ya vidole, na karani aliyejifuta jasho aliupeleka machoni. Mashine za kugonga mihuri nazo hazikupenda changarawe. Kadi iliyomfurahisha bibi kule kijijini ilikuwa imepita kwenye mikono mingi iliyochubuka.

Makarani walilalamika, na malalamiko yao yalisikilizwa. Katika muongo huohuo wa kwanza wa karne ya 20, posta ya Marekani iliamua kwamba kadi yenye chembe za kioo, metali, ulanga, mchanga au kitu chochote cha namna hiyo haitapokelewa kama kadi ya posta, ila iwe ndani ya bahasha iliyofungwa. Kwa macho ya leo ni amri ndogo. Kwa wafanyabiashara wa wakati ule lilikuwa pigo, kwa sababu kadi ya wazi ilisafiri kwa senti moja, na bahasha ilitozwa senti mbili. Uhai wote wa kadi ya posta ulikuwa kwenye urahisi wake. Ukimwongezea mfanyakazi wa kiwandani senti kwa kila salamu, na ana ndugu ishirini, atanunua kadi isiyo na theluji.

Wauzaji hawakukubali kushindwa kirahisi. Walileta bahasha za karatasi laini inayopitisha mwanga, ili mng'ao uonekane na vidole visalimike. Lakini gharama ilibaki palepale. Kisha mwaka 1909 Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za kuchapwa kutoka nje, na mwaka 1914 vita vikaja. Biashara ya kadi za Kijerumani haikuinuka tena kama zamani.

Inasikitisha kwamba ushindi ule wa makarani hautajwi sana katika vitabu vya kadi. Vinasifu wachoraji na wachapaji, na kuwasahau watu waliosema kwamba uzuri huu unatukata mikono, na wakasikilizwa.

Nyumbani, watu wa kadi za mikono walikuwa na njia nyingine, ya bei nafuu na isiyodhuru mkono wa mtu. Ni chumvi ya haluli, ileile inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Chukua maji ya moto na chumvi kwa kipimo sawa, koroga hadi chumvi isiyeyuke zaidi, kisha pitisha brashi juu ya karatasi ya rangi nzito, buluu au kijani. Maji yakikauka, zinajitokeza fuwele kama sindano, zikitawanyika kutoka kitovu kimoja kama jalidi kwenye dirisha. Hakuna mchoro unaofanana na mwingine. Udhaifu wake ni kwamba hupukutika karatasi ikikunjwa na haipendi unyevu, hivyo inafaa kwa kadi ya kukabidhiwa mkononi kuliko ya safari ndefu. Hata hivyo ni ufundi halisi, na unastahili kufundishwa shuleni zaidi ya kumwaga unga kutoka kwenye kikopo.

Karne ya 20 ilichagua njia nyingine. Katika miaka ya 1930 na 1940 hata asbesto nyeupe iliuzwa kwa maboksi kama theluji isiyoshika moto ya kupambia nyumba, miaka mingi kabla ya watu kukubali kwamba inaua mapafu. Mwaka 1934, kwa simulizi inayorudiwa zaidi, Henry Ruschmann, fundi mashine wa New Jersey, alipata njia ya kukata mabaki ya vitu kuwa vipande vidogo sana vyenye kung'aa. Kampuni aliyoianzisha, Meadowbrook, bado ipo. Baadaye ilifuata plastiki nyembamba iliyopakwa aluminiamu na kukatwa pembe sita. Haikati kidole, haipotezi mng'ao, na ni rahisi. Kioo kikaondoka.

Plastiki hiyo haiozi, na kadi yenye glita haiwezi kurejelezwa vizuri kiwandani pamoja na karatasi nyingine. Maduka makubwa ya Uingereza kama Waitrose, John Lewis na Morrisons yaliiondoa kwenye bidhaa zake za Krismasi mwaka 2020, kabla sheria ya Ulaya haijafika. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin walionyesha kwamba glita kwenye madimbwi ya majaribio ilipunguza urefu wa mizizi ya mimea inayoelea kwa nusu ndani ya siku 36, na zile zilizouzwa kama rafiki wa mazingira nazo hazikuwa salama kabisa.

Sheria ya 2023 inaruhusu kioo, chumvi na ulanga, kwa kuwa si plastiki. Hapo ndipo pana jambo la kuangaliwa. Ulanga si kitu kigeni kwetu. Ulichimbwa kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, tangu enzi za Wajerumani. Leo sehemu kubwa ya ulanga unaometameta kwenye rangi na vipodozi vya dunia hutoka Jharkhand na Bihar nchini India, na sehemu nyingine Madagaska, na katika maeneo yote hayo imethibitishwa mara nyingi kwamba watoto huchimba na kuchambua madini hayo kwa mikono mitupu. Wanunuzi wanaotafuta mbadala wa plastiki wana haki ya kuuliza dukani unga huu umetoka mgodi gani, na muuzaji asiyeweza kujibu aachwe na kikopo chake. Chumvi ya haluli ipo, na gramu mia mbili hutosha kwa kadi za ukoo mzima.