Neno Bōzen na Siasa ya Maandishi ya Kijapani

Kijapani kina maneno kadhaa yanayoeleza hali ya mtu aliyepigwa na butwaa. Mashuhuri miongoni mwayo ni bōzen, azen na gakuzen. Yote matatu yana asili ya Kichina, nayo huishia kwa -zen, kipande kionyeshacho hali aliyomo mtu. Maana mahsusi ya kila neno hubebwa na kanji yake ya kwanza. Azen huandikwa kwa kanji ya ububu: huyu ameduwaa hata amekosa la kusema. Gakuzen lina alama ya moyo, kwa kuwa mshtuko wake ni wa ndani. Bōzen lina sura mbili: moja ni ya kupumbaa, na nyingine ni ya upana usio na mpaka, ambamo mtu hupotelewa na nafsi yake. Hivyo ndivyo Zigong, mwanafunzi wa Confucius, anavyosimuliwa katika kitabu cha kale cha Liezi.

Mnamo Novemba 1946, nchi ikiwa imekaliwa na majeshi ya kigeni baada ya kushindwa vitani, serikali ilitangaza orodha ya kanji 1,850. Kanji za kwanza za maneno hayo zote ziliachwa nje. Maagizo yalikuwa wazi: neno lisiloandikika kwa orodha hiyo libadilishwe, au liandikwe kwa kana, yaani alama za silabi. Ndipo bōzen likaanza kuandikwa nusu kana, nusu kanji, na sura zake mbili zikawa moja. Msomaji alilisikia neno lakini hakuiona tena maana yake.

Hoja ya watetezi wa orodha haikuwa nyepesi. Wingi wa kanji uliwalemea watoto shuleni na kuifanya elimu kuwa mali ya wachache. Hata hivyo, orodha ya 1981, yenye kanji 1,945, ilitolewa kuwa mwongozo tu, si kizuizi. Ile ya 2010 ilifikia 2,136, na bado kanji hizo hazikuingizwa. Zilirejea kwa mlango mwingine: kiwango cha kanji za kompyuta cha 1978 kilizijumuisha, na mwandishi hakulazimika tena kuzikumbuka kwa mkono.

Katika Kiswahili, tofauti ya kuduwaa, kushangaa na kupumbaa hukaa katika sauti ya mzizi. Kwa hiyo kuhama kutoka hati ya Kiarabu hadi ya Kilatini hakukuifuta. Katika Kijapani sehemu ya maana hukaa machoni. Apunguzaye herufi huko hapunguzi kazi ya mkono peke yake. Hugusa pia yale ambayo msomaji aweza kuyaona.