Sindano ya kuondoa makunyanzi: ilitoka wapi, na mtu apime nini mbele ya kuikubali

Kasenga, Haut-Katanga – Mtu akifungua simu siku hizi, iwe Kasenga mjini ao mahali wanapoishi wahamaji wa vita, hachelewi kukutana na picha mbili za mwanamke mmoja. Katika ya kwanza ana mikunjo katikati ya nyusi. Katika ya pili paji la uso limenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Jina la dawa inayotangazwa mara nyingi ni Botox. Wengine wanacheka na kupita. Wengine wanaanza kuhesabu pesa. Mama aliyetembea siku nyingi kwa miguu akikimbia Mitwaba ao Pweto, ambaye jua na mawazo vimemzeesha mbele ya wakati, naye anaweza kujiuliza kama sindano hiyo ingemfaa.

Swali hilo si la aibu. Watu wa kila zamani wametaka kuonekana vizuri. Lakini anayetaka kuamua kwa akili ajue kwanza dawa hii ilitoka wapi, sababu habari hiyo haiandikwi chini ya zile picha.

Ilianza na chakula kilichoharibika

Kule Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1800, watu walikuwa wanakufa kisha kula soseji zilizohifadhiwa vibaya. Daktari mmoja aliyeitwa Justinus Kerner, ambaye alikuwa pia mshairi, alikusanya habari za wagonjwa hao na kuzichapisha miaka ya 1820 na 1822. Aliandika kwamba macho yao yalianza kuona vitu viwili-viwili, kope zikaanguka, koo likashindwa kumeza, na mwishowe pumzi ikakatika. Akili zao lakini zilibaki nzima mpaka mwisho. Kerner alijijaribu yeye mwenyewe kwa kiasi kidogo cha sumu hiyo. Akasema pia kwamba siku moja, ikipimwa vizuri, inaweza kuwa dawa. Jina la ugonjwa, botulismi, limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya soseji.

Mwezi wa 12 mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles huko Ubelgiji, wanamuziki wa bendi walipiga muziki kwenye maziko, kisha wakala nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Wengi waliugua na 3 wakafa. Profesa Émile van Ermengem wa chuo kikuu cha Gent alichunguza nyama ile pamoja na miili ya marehemu. Akapata mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayeishi pale ambapo hewa haifiki. Mdudu huyo ndiye anayetengeneza sumu. Leo wataalamu wanamwita Clostridium botulinum. Katika Katanga, wakati huo miaka 4 tu ilikuwa imepita tangu Mwami Msiri auawe Bunkeya, mwaka 1891, na mji wa Élisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, ulikuwa haujazaliwa. Ulianzishwa mwaka 1910.

Ugonjwa huo si wa Wazungu peke yao. Mwaka 1980 jarida la madaktari wa Uingereza lilitoa ripoti juu ya wagonjwa wa botulismi nchini Kenya. Chakula kilichoshukiwa kilikuwa kumbikumbi, wale ambao watu wa Luapula wanawaita inswa, waliofungwa katika mfuko wa plastiki na kuliwa kisha siku kadhaa. Hewa ilikosekana ndani ya mfuko, joto lilikuwepo, na mdudu akapata nyumba.

Sumu hii ni kati ya sumu kali zaidi zinazojulikana duniani. Kidogo kisichoonekana kwa macho kinatosha kuua mtu. Na ndiyo ileile iliyo ndani ya sindano ya uso.

Namna sumu ilivyogeuka dawa

Daktari wa macho aliyeitwa Alan Scott, wa San Francisco kule Marekani, alikuwa anatafuta namna ya kunyoosha macho yenye makengeza bila kupasua. Sumu ya botulismi inafanya kazi moja: inazuia mshipa wa fahamu kutuma amri kwa msuli. Msuli usiopata amri unalegea. Scott aliwaza kwamba tone dogo sana, likiwekwa katika msuli mmoja wa jicho, linaweza kulegeza ule unaovuta zaidi. Alijaribu kwanza kwa nyani na kutoa matokeo mwaka 1973. Miaka ya nyuma kidogo ya hapo akaanza kwa watu. Mwezi wa 12 mwaka 1989 serikali ya Marekani ikakubali dawa hiyo kwa makengeza na kwa kope zinazofungika zenyewe.

Kazi ya uso ilipatikana kama kwa bahati. Huko Vancouver, Kanada, mwaka 1987, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa anatibu kope kwa dawa hiyo. Wakati huo wagonjwa wake walipotea mikunjo katikati ya nyusi. Mume wake, Alastair Carruthers, alikuwa daktari wa ngozi. Wakafanya uchunguzi pamoja na kuuchapisha mwaka 1992. Mwezi wa 4 mwaka 2002 Marekani ikaruhusu dawa hiyo kwa mikunjo ya kati ya nyusi. Hapo biashara ikafunguka dunia nzima.

Kutoka kwa Kerner mpaka ruhusa ya mwaka 2002 ni kama miaka 180. Katika muda huo wote sumu haikubadilika. Kilichobadilika ni kipimo, usafi wa kiwanda na mkono wa mtu aliyesoma. Ondoa kimoja cha hivyo vitatu, na dawa inarudi kuwa ile nyama ya Ellezelles.

Uso wenye maandishi

Kutengeneza mwili kwa ajili ya uzuri hakukuletwa na simu. Katika nchi ya Waluba, wanawake walichanjwa chale tumboni, mgongoni na kiunoni, na mafundi wa mbao walichonga chale hizohizo kwenye viti vya wafalme na kwenye mito ya kulalia kichwa. Viti hivyo viko leo katika makumbusho makubwa ya ulimwengu. Kwa Watabwa, jirani wa kaskazini kuelekea ziwa Tanganyika, neno kulemba lilitumiwa kwa chale, na Mubemba naye anasema ukulemba kwa maana ya kuandika. Mwili ulikuwa unaandikwa. Aliyejua kusoma aliona kwamba huyu ni mtu mzima, amefundishwa, ana watu wake.

Chale nazo ziliuma na ziliweza kuoza, na hakuna sababu ya kuzisifu zaidi ya ilivyostahili. Lakini aliyechanja alijulikana jina na nyumba. Mambo yakienda vibaya, wazazi walijua mlango wa kubisha. Wamisionari na utawala wa Wabelgiji walipopinga desturi hiyo, chale zilipungua na kazi ya uzuri ikaenda kwa wafanyabiashara wa mbali.

Kisha zikaja krimu za kung'arisha ngozi. Miaka ya 1960 krimu kama Ambi zilitangazwa sana Afrika ya kusini na ya mashariki. Nyingi za namna hiyo ziliwekwa hidrokinoni ao zebaki. Kisha miaka mingi, ngozi za wengi zilionyesha madoa meusi yasiyotoka. Afrika Kusini ilianza kupiga marufuku krimu za hidrokinoni mwaka 1990. Mkataba wa Minamata, wa mwaka 2013, ulipanga kwamba kufikia mwaka 2020 vipodozi vilivyotiwa zebaki visitengenezwe wala kuuzwa kati ya mataifa. Hata hivyo bado vinapatikana sokoni. Na zile sindano za kung'arisha mwili mzima, wakubwa wa dawa wa Marekani wanasema hawajakubali hata moja.

Tofauti ni kwamba krimu mbaya inaharibu polepole, na mtu anaweza kuiacha. Sindano ikishaingia, haitolewi. Ni kungoja mpaka nguvu yake iishe.

Kasenga inajua kazi ya barafu

Kuna jambo moja ambalo watu wa Kasenga wanaweza kulielewa kuliko watu wengi. Wakati wa Wabelgiji, wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga na kununua samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru. Samaki hao waliwekwa katika barafu na kupakiwa kwenye malori kwenda kulisha wafanyakazi wa migodi ya Élisabethville. Njia ni zaidi ya kilomita 200. Barafu ikiisha njiani, mali imeisha. Mpaka leo mvuvi na mama muuzaji wanajua kwamba samaki anaweza kuonekana mzima kwa macho wakati ndani ameanza kuharibika.

Dawa ya makunyanzi nayo inatoka kiwandani ikiwa unga ndani ya kichupa, na hulindwa katika baridi ya firigo, kati ya digri 2 na 8. Ikishachanganywa na maji ya chumvi haikai muda mrefu. Mahali ambapo umeme unakatika kila siku, anayesema kichupa chake ni kizuri aonyeshe firigo na namna anavyoilinda umeme ukienda. Dawa iliyopigwa na joto inaweza kupoteza nguvu, na mteja akalipa bure. Na kichupa cha bandia kinaweza kuwa na maji matupu, ao kuwa na sumu nyingi kupita kiasi.

Hayo yanatokea hata kwa matajiri. Mwaka 2024 wakubwa wa afya wa Marekani walitangaza kwamba wanawake 22 katika majimbo 11 walipata shida kisha kudungwa dawa ya bandia ao na watu wasio na ruhusa, wengine wakiwa katika nyumba za watu ao katika spa. 11 kati yao walilazwa hospitalini. Hakuna aliyekufa, lakini hospitali zilikuwa karibu na dawa ya kupambana na sumu ilipatikana. Mtu wa Kasenga ajiulize yeye angepelekwa wapi, kwa njia gani, na kwa pesa ya nani.

Mambo ya kupima

La kwanza ni muda. Sindano hii haiondoi makunyanzi kwa siku zote. Inaanza kuonekana kisha siku chache, na inaisha kisha miezi 3 ao 4. Anayetaka uso ubaki vile atadungwa tena na tena, mara 3 hivi kwa mwaka. Bei ya mara moja si bei ya kweli. Familia inayoanza upya kisha kukimbia ipige hesabu ya mwaka mzima, iiweke pembeni ya pesa ya nyumba na ya masomo ya watoto.

La pili ni mkono. Aulize anayedunga ni daktari ao nani, alisomea wapi, na jina lake liko kwenye orodha ya madaktari ao hapana. Salon ya nywele si mahali pake. Sindano ikikosea kidogo tu, kope inaanguka kwa wiki nyingi.

La tatu ni kichupa. Kifunguliwe mbele ya mteja, kiwe na jina la kiwanda, namba na tarehe ya mwisho. Anayekataa kukionyesha amekwisha kujibu.

La nne ni mwili wenyewe. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha, na mtu mwenye ugonjwa wa misuli kulegea, wanashauriwa kuacha.

La tano ni sababu. Makunyanzi si ugonjwa. Yakiwa yamekuja kwa jua na kwa moshi wa kukausha samaki, kofia pana, kitambaa na kukaa upande ambao moshi hauendi vinasaidia ngozi isizidi kuchoka. Yakiwa yamekuja kwa kukosa usingizi tangu vita, kunyoosha paji la uso hakutaleta usingizi. Na kama ni mtu mwingine anayesukuma, mume, rafiki ao picha ya kwenye simu, basi aliyetakiwa kuamua hajaamua bado. Mwenye kupima yote hayo na bado kutaka, ana haki yake. Uso ni wake. Mwenye kukataa naye asichekwe kwamba amezeeka.

Kwa yule ambaye amekwisha kudungwa: akianza kuona vitu viwili-viwili, kope zikawa nzito, sauti ikabadilika, kumeza kukawa kugumu ao pumzi ikawa fupi, asingoje kesho. Dalili zinaweza kuja kisha saa chache, ao hata kisha wiki kadhaa. Aende hospitali siku hiyohiyo na aseme wazi kwamba alidungwa sindano ya uso, lini na kwa nani. Dawa ya kupambana na sumu inazuia ubaya kuendelea, lakini haifuti uliokwisha kufanyika, kwa hiyo kila saa ina kazi. Wagonjwa wengi wanaficha kwa aibu, na daktari anapoteza muda akitafuta malaria.